Kibuyu Mlangoni

Osaka, tarehe 3 Machi 1974

Dada Chun-hwa,

Pokea salamu za mdogo wako anayenuka gundi. Leo ni Jumapili, karakana imefungwa, nami nimepumzika kubandika soli. Hata nikiosha mikono mara ngapi, nikila wali nahisi nakula ndara.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani anarudi kisiwani Jeju wiki ijayo kwa meli, na nimempa mzigo wako. Usiufungue mbele ya watu, watakucheka. Ni nguo ya mpira. Ndiyo, ile ile wanayovaa wapiga mbizi wa huku, inabana kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Najua utasema ni ya watu wavivu. Najua utasema mama yetu alizama na kitambaa cha pamba mpaka mwezi aliomzaa mtoto wake wa mwisho. Dada, mama yetu alikufa na mifupa inayolia. Nilikuwa namkanda magoti kila jioni, wewe ulikuwa umekwisha kuolewa, hukuyasikia yale magoti.

Ukiivaa hutatetemeka tena. Ila itakufanya uelee juu kama gogo, kwa hiyo nimeweka na mkanda wa vyuma vizito ujifunge kiunoni. Uvae, halafu uniandikie imekukaaje. Kama haipiti makalioni, lawama ni za viazi vitamu unavyokula, si zangu.

Msalimie In-ja, mwenzako wa maji. Mwambie namwonea wivu, kila siku anakaa na dada yangu na mimi nakaa na ndara. Mwaka huu nimeomba ruhusa, nitakuja sikukuu ya mavuno, tukate nyasi makaburini pamoja.

Mdogo wako,
Ok-seon

*

Kijijini, Jeju, tarehe 29 Mei 1974

Ok-seon,

In-ja amefariki baharini. Ni tarehe 14 mwezi huu, siku ya maji mafu, bahari ilikuwa shwari.

Chuma chake cha kubandulia kilibanwa na gamba la abaloni mkubwa aliyeng'ang'ania chini ya mwamba, na kamba ya chuma hicho ilikuwa imefungwa mkononi mwake. Hakuwahi kuivua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mama yake yupo, yule unayemjua, aliyekuwa akikufukuza na fagio ulipokuwa ukiiba machungwa yake.

Mwenzake wa maji nilikuwa mimi. Nilikuwa karibu naye na sikugeuka.

Mganga amekuja, wameita roho yake itoke majini, wamerusha baharini wali uliofungwa kwenye karatasi nyeupe. Kifungu changu sikukirusha. Niliona mkono wangu haufai.

Sina la kuandika zaidi. Usihangaike kunitumia kitu.

Dada yako,
Chun-hwa

*

Osaka, tarehe 14 Juni 1974

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na viatu bado miguuni. In-ja! Nilimbeba mgongoni yule. Aliwahi kunikojolea shati jipya, nikamfinya, mama yake akanifinya mimi. Naandika huku nalia, samahani wino ukitapakaa.

Lakini dada, hayo maneno ya kwamba hukugeuka ni maneno gani? Bahari imechukua watu tangu bibi zetu, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuwa hai. Usijilaumu. Kula. Shuka baharini pamoja na wenzako, ukae kwenye uzio wa mawe uote moto, usikie kelele zao. Ukijifungia utaugua, na mimi niko mbali, nitakuja kukuokotaje?

Najua unanikunjia uso hapo ulipo. Unasema, huyu anakaa kwenye kiti anabandika ndara, ananiambia nishuke baharini. Sawa, nikunjie. Mradi unajibu.

Na nguo ya mpira, ilifika? Hukuniambia. Nauliza kwa sababu yule mama aliyeibeba anaapa kwa barua kwamba alikukabidhi mkononi mwezi wa tatu, na mimi nimeshaanza kumshuku kwamba anaivaa yeye. Kama ipo, ivae. Nitalala vizuri nikijua unapata joto.

Ok-seon wako

*

Kijijini, tarehe 8 Julai 1974

Ok-seon,

Nguo ilifika. Ipo sandukuni. Usiniulize tena habari za nguo.

Unaniambia nisijilaumu kana kwamba ni mzigo nilioubeba kwa kujitakia. Basi nikueleze, halafu uniache.

Tulikuwa kwenye mwamba wa mashariki. Kazi ya mwenzako wa maji unaijua: ukipanda juu, kabla ya lolote unatafuta kibuyu cha mwenzako kinachoelea, na unasikiliza mluzi wake anapotoa pumzi. Ukiusikia, unashuka tena. Usipousikia, unasubiri. Mama alitufundisha hivyo kabla hajatufundisha kuogelea.

Mimi nilipanda, nikaona kibuyu cha In-ja, mluzi sikuusikia. Nikashuka. Nilikuwa nimeona abaloni wawili chini ya jiwe moja, mmoja nimempata, nikamtaka na wa pili. Niliporudi juu na yule wa pili mkononi, kibuyu kilikuwa pale pale. Ni hivyo tu. Mtu mmoja amekufa na mimi nina abaloni wawili.

Mama In-ja anajua. Kila siku ya maji mafu, siku za kuzama, asubuhi nikifungua mlango, nakuta kibuyu cha In-ja kimewekwa kizingitini, na wavu wake umekunjwa juu yake. Hasemi neno. Anakiweka anaondoka. Nakiosha, nakirudisha mlangoni kwake, na siku ya kuzama inayofuata kipo tena kwangu. Ana haki. Kama ningekuwa mimi ningekiweka kitandani kabisa.

Siku moja alinikuta nakirudisha. Akasema, "Chun-hwa." Nikasema, "Nisamehe, mama," nikakimbia. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nimekimbia njiani kama mwizi wa kuku.

Nimeamua. Baada ya sikukuu ya mavuno ushirika wa wapiga mbizi una kikao, nitawaambia wafute jina langu. Kuna shamba la michungwa juu mlimani linatafuta mfanyakazi wa kuishi huko huko. Kule bahari haisikiki. Nyumba ya mama tutaifunga.

Ukija kwenye sikukuu utanikuta bado nipo. Mwaka unaokuja usinitafute hapa.

Chun-hwa

*

Osaka, tarehe 20 Julai 1974

Mama In-ja mheshimiwa,

Ni mimi Ok-seon, binti mdogo wa marehemu Mama Chun-hwa, mwizi wa machungwa. Nakupigia magoti kwa msiba uliokupata. Niliandika pole mara tatu nikachana, maneno yote yalikuwa madogo.

Mama, nina jambo moja na naogopa kulisema. Dada yangu ananiandikia kwamba unaweka kibuyu cha In-ja mlangoni kwake. Sikatai, una haki ya kuwa na hasira, na mimi si mtu wa kukupangia. Lakini anataka kuacha bahari, aende mlimani akaishi peke yake. Unajua nyumba yetu, unajua hana tena mume, wala hana mtoto. Akiondoka baharini hana tena mtu.

Kama moyo wako unaruhusu, nakuomba uache kukiweka. Hasira iliyobaki nitumie mimi huku, nitaibeba.

Aliye chini yako,
Ok-seon

*

Kijijini, tarehe 11 Agosti 1974

Ok-seon,

Barua hii naisema mimi, mama yake In-ja, na anaandika Bwana Kim, karani wa ushirika, kwa kuwa mimi kusoma sijui. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Asipambe.

Hasira gani? Nani amekwambia nina hasira? Ninyi watoto wa nyumba ile mna vichwa vigumu tangu kwa baba yenu.

Nisikilize. Nina miaka sitini na tatu. Miaka saba nilikuwa nikizama na In-ja, halafu masikio yangu yakauma nikapumzika, nikampa yeye dada yako awe mwenzake. Nilimchagua mwenyewe. Sasa In-ja hayupo, na mimi siwezi kukaa nyumbani nikitazama ukuta. Nataka kurudi majini. Masikio yatanizoea. Lakini ushirika haumruhusu mtu kushuka bila mwenzake, na ninayemtaka ni mmoja. Basi napeleka kibuyu. Kwetu ukimpelekea mtu kibuyu unamwambia twende. Mama yako alinipelekea mimi hivyo hivyo, mwaka nilipoolewa, na hakusema neno. Dada yako alikuwa anamwona. Amesahau? Nakiweka, ananirudishia kimeoshwa kinang'aa. Nikimwita, anasikia namshitaki. Nikisema "Chun-hwa, twende," yeye anasikia "Chun-hwa, ulimwacha."

Amekwambia alitaka abaloni wa pili. Ameniambia na mimi, siku ya maziko, mbele ya watu wote. Je, amekwambia yaliyofuata? Najua hakukwambia. Alishuka kumtafuta mwanangu mara kumi na moja. Waliokuwepo walihesabu. Mara ya tisa damu ilimtoka puani, wakamshika, akawang'ata. Mmoja ana alama ya meno mpaka leo. Ni yeye aliyekata ile kamba na kumpandisha mwanangu juu, wanawake wanne ndio waliowatoa majini wote wawili, na Chun-hwa hakutaka kumwachia mwanangu. Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Hapo Bwana Kim ameacha kuandika anafuta pua. Andika, Bwana Kim.

Kushuka bila kusikiliza mluzi, nani hajashuka? Mimi nimeshuka hivyo miaka arobaini, na wenzangu walipanda tu. Kama ni lawama ninayo yangu. Mimi ndiye nilimfundisha In-ja kwamba mpiga mbizi haachi chuma chake chini. Nilimchapa kwa kukipoteza, akiwa na miaka kumi na mitano. Nikilala nalifikiria hilo. Nikiamka nalisha nguruwe.

Jambo moja nimekumbuka, la kukushukuru. Siku ile In-ja alivaa ile nguo ya mpira uliyomtumia dada yako. Chun-hwa alimpa, maana In-ja alikuwa wa kutetemeka, midomo inageuka bluu kabla ya watu wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia motoni. Walipotoka mara ya kwanza kupumzika alikuja mpaka kwangu akaniambia, "Mama, leo sijatetemeka hata kidogo. Naweza kukaa mpaka jioni." Alicheka. Akarudi na wenzake.

Nilikuwa nataka kukwambia hayo tangu zamani. Sikuwa na mwandishi.

Kibuyu nitaendelea kukiweka.

Mama yake In-ja
(Imeandikwa na Kim, karani, ambaye anatoa pole zake pia.)

*

Osaka, tarehe 25 Agosti 1974

Dada,

Mama In-ja ameniandikia. Sasa najua kwa nini ulisema nisiulize habari za nguo.

In-ja alikuwa ameivaa. Ulinificha miezi mitatu. Mimi nikakuuliza imekukaaje! Nikafanya mzaha eti mtu ameiiba! Kila nikikumbuka ile barua nataka kujipiga makofi, na jana nilijipiga kweli, karakanani, wenzangu wakadhani ni mbu.

Dada, tunajua wote. Kwa nguo ya pamba In-ja angekuwa ametoka zamani. Baridi ingemtoa. Angekuwa kwenye moto anakausha nywele. Nguo yangu ndiyo iliyomwambia akae. "Naweza kukaa mpaka jioni." Mama yake amenishukuru kwa maneno hayo, na ameyatuma kwa nia njema.

Na mkanda wa vyuma nilichagua mwenyewe. Muuzaji alinionyesha mwepesi na mzito, nikachukua mzito, nikasema dada yangu ni mtu wa vilindini.

Nani alinituma? Hukuomba. Nilikuwa nataka tu kuonekana, ndugu wa Osaka aliyetuma kitu cha maana. Nilimuua mtoto niliyembeba mgongoni kwa ajili ya kujionyesha.

Sitakuja kwenye sikukuu. Nimemwambia mwenye karakana atoe ruhusa yangu kwa mwingine. Nitamtazamaje yule mama? Wewe kata nyasi za kaburi la mama, umwambie nimeshindwa kuja kwa sababu ya kazi.

Ok-seon

*

Kijijini, tarehe 6 Septemba 1974

Ok-seon we!

Umepata wazimu? Nimeisoma barua yako mara mbili, na kama ungekuwa hapa ningekuvuta sikio mpaka lilingane na la sungura.

Nani amemuua nani? Ulimtumia dada yako nguo ili asitetemeke. Hiyo ndiyo yote uliyofanya. Ulikumbuka magoti ya mama, ukafunga mzigo, ukauandikia mzaha. Ungejuaje nitampa In-ja? Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoona midomo yake asubuhi ile. Ungejuaje kuna abaloni wa ukubwa ule chini ya mwamba ule, nami nimezama pale miaka thelathini bila kumwona? Unasoma leo kilichotokea jioni ya tarehe 14 na unataka uwe umekijua mwezi wa tatu dukani. Hakuna mtu mwenye macho hayo.

Mkanda haukumzamisha. Nilimpandisha mimi, najua. Ulikuwa umeshafunguliwa, fundo nililolifunga mimi alilifungua mwenyewe kwa mkono mmoja. Alikuwa anakuja juu. Ni ile kamba tu. Hilo ni kweli, silisemi ili kukutuliza, nilikuwa nimekuficha kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi unavyofanya.

Na eti kujionyesha! Wewe, uliyeanza kututumia mzigo ulipokuwa huna godoro? Mtu akifanya wema na akafurahi kidogo kwamba ameufanya, hiyo ni dhambi tangu lini? Unatafuta ndani ya moyo wako kitu kibaya cha kutosha kulingana na kifo cha In-ja, na kwa kuwa hukipati, unachukua kidogo ulicho nacho unakipuliza mpaka kiwe kikubwa. Acha. Mtu hafi kwa sababu mwingine alitaka kupendwa. Ulikosea wapi, niambie? Kama kuna kosa, ni dogo, ni la kibinadamu, na

*

Naendelea. Niliacha kalamu katikati ya mstari, nikaenda kukoroga supu ya mwani, ikaungua, nikarudi.

Nimesoma nilichokuandikia. Nilikuwa nataka kuhakikisha sijakutukana sana. Ok-seon, nimefika kwenye mstari ule wa kupuliza kidogo mpaka kiwe kikubwa, nikasita. Nikatazama mlangoni kama kuna mtu aliyenisemea.

Nikaisoma tena na kuweka jina langu mahali pa lako. Nilitaka kuona kama inakataa. Nilidhani nitafika mahali nitasema, hapana, hapa ni tofauti, huyu Chun-hwa kosa lake ni la kweli. Nikafika kwenye abaloni wa pili. Ni kweli, nilishuka mara moja bila kusikiliza. Hilo ni langu, silitupi. Lakini mimi nimelifanya liwe siku nzima, liwe maisha yangu yote, na nikafuta mengine yote. Unajua sijawahi kukwambia kwamba nilishuka mara kumi na moja kumtafuta? Sikuficha ili nijisifu baadaye. Nilikuwa nimesahau. Mpaka juzi nilipopeleka kibuyu, Mama In-ja, kabla sijakimbia, akaniambia alama ya meno aliyonayo yule mwenzetu bado haijapona. Nikauliza, meno ya nani? Akasema yangu, akanihesabia na zile mara kumi na moja.

Nilikuwa nimekaa miezi minne na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo, mimi mwenyewe, ananichukia.

Kwa nini wewe unastahili maneno haya na mimi sistahili? Nimejiuliza mbele ya sufuria iliyoungua. Nimezoea tu kuwa mkali kwa mtu huyu mmoja, kwa kuwa yeye hawezi kunikimbia.

Sijapona, usidhani. In-ja hayupo, na hata nikijisamehe vipi hatarudi kukaa pembeni yangu motoni na kuniomba kiazi changu. Nadhani hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Nilipokuwa najilaumu nilikuwa na kazi ya kufanya. Nikiacha, inabaki huzuni peke yake, na huzuni haina kazi.

Basi tukubaliane. Mimi nitayapokea maneno niliyokuandikia, nusu yake, kama na wewe utapokea nusu. Nusu nyingine tutaangalia.

Njoo kwenye sikukuu kama bado inawezekana. Kama haiwezekani, nitakata na sehemu yako ya nyasi, na mama sitamdanganya.

Dada yako,
Chun-hwa

*

Kijijini, tarehe 8 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Najua ruhusa ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Nilikata nyasi za mama, nikamwambia ukweli wote, nikakaa pale mpaka jua likaniunguza shingo. Halafu nikaenda kwa In-ja. Kaburi lake bado ni udongo mtupu, hakuna nyasi za kukata. Nilichukua kiazi kilichochomwa nikamwekea.

Kikao cha ushirika kilikuwa jana. Sikuomba wanifute. Bwana Kim alifika kwenye jina langu, akanitazama, nikatazama dirishani, akaendelea na jina linalofuata.

Leo asubuhi kibuyu kilikuwa mlangoni. Sikukirudisha.

Nilikibeba nikaenda nacho pwani. Mama In-ja alikuwa ameshaketi kwenye uzio wa mawe, na nguo yake ya pamba, miguu yake imekauka kama kuni. Hakushangaa. Alisogea akaniachia mahali pangu. Akasema, "Umechelewa miezi mitano."

Nikasema, "Nilipotea njia."

"Njia yenyewe ni hatua mia mbili."

Wenzetu wakacheka, na yule niliyemng'ata akacheka kuliko wote. Kisha bibi yule akashika magoti yake akasema, "Maji ya sasa yana baridi kwa mtu wa umri wangu. Ile nguo ya mpira ipo?"

Ok-seon, wote motoni waligeuka kunitazama. Nikasema ipo. Akasema, "Kailete basi, unangoja nini? Mwanangu alisema ina joto."

Tulimvisha watu watatu. Haikupita. Tulivuta, tulisukuma, tukammiminia maji, yeye anatutukana mmoja mmoja kwa majina ya bibi zetu. Ilipomkaa alisimama pale akajishika mikono yote miwili, hivi, kama mtu anayemkumbatia mwingine. Sisi tukashughulika na nyavu zetu. Mkanda nilimfunga mimi. Fundo moja, la kufunguka kwa mkono mmoja, nikamfanya alifungue mbele yangu mara tatu. Kamba ya chuma hakufunga kabisa. Hata mimi sikufunga, na kuanzia leo hakuna anayefunga kwetu.

Hukumuua mtu. Nakwambia kutoka kwake, ameniambia nikwambie hivyo, na kwamba nguo inambana kwapani, mwaka ujao utume kubwa zaidi.

Nilirusha vifungu viwili vya wali kabla ya kushuka, kimoja cha bahari na kimoja cha In-ja, na cha In-ja kilikuwa kikubwa.

Mara ya kwanza nilipopanda, kabla sijatoa pumzi, niligeuka. Kibuyu kilikuwa peke yake. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kama vile. Kisha kichwa cha bibi kikatokea, akatoa pumzi, na mluzi wake ukaja juu ya maji. Ni ule ule. Wa In-ja. Kumbe yule mtoto aliupata kwa mama yake, na mimi miaka yote nilidhani ni wake peke yake.

Nililia ndani ya miwani ya kuzamia mpaka nikashindwa kuona. Akanitazama.

"Unalia nini?" akasema. "Nimepanda, umenisikia. Shuka, maji yanageuka."

Nikashuka.

Dada yako,
Chun-hwa